Flashi Iliyosingiziwa: Kisa cha Kompyuta ya Duka la Kuchapa Arua

Mwanafunzi mmoja wa chuo alinyang'anywa flashi yake katika duka la kuchapa mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akaambiwa hataiona tena mpaka alipe hasara aliyoleta. Hasara hiyo ilikuwa kazi za miaka kadhaa. Mafaili yote ya kompyuta kubwa ya duka yalikuwa yamefungwa na virusi vya kudai fidia, na kila aliyekuwapo alikuwa na hakika kwamba vimeingia kupitia flashi ile. Niliitwa kama fundi, nitazame kama kuna la kuokoa. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu uchunguzi ulimwondolea kijana yule lawama, na kwa sababu kosa la kweli ni la namna ninayoikuta mara kwa mara katika maduka ya kuchapa, na watu hawalioni kuwa kosa.

Duka lenyewe ni la kawaida kwa mji wetu. Lina kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, iliyonunuliwa Kampala ikiwa imeshatumika, laptopu moja ya zamani, mashine ya fotokopi, ya kulamineti, na benchi la wateja kibarazani. Hapo huchapwa barua za LC1 (baraza la kijiji), ripoti za wanafunzi, kadi za mikutano ya harusi, vijitabu vya ibada ya mazishi. Wafanyabiashara wanaotoka Ariwara, upande wa Kongo, huja kuchapisha hati zao, ndiyo maana Kiswahili hakikauki pale. Mwenye duka ni mama wa makamo; kazi ya kila siku anaifanya mpwa wake.

Jumatatu asubuhi mpwa aliwasha kompyuta akakuta kila faili limeongezewa mkia wa herufi nne asizozijua. Hakuna lililofunguka. Katika kila folda kulikuwa na faili jipya linaloitwa _readme.txt, lenye barua ya Kiingereza: lipa dola 980, au ukiwahi ndani ya saa 72, dola 490. Kwa bei ya dola ya mwaka huo, 2023, hiyo nusu peke yake ilizidi shilingi milioni moja na laki nane. Kompyuta yenyewe haikununuliwa kwa bei hiyo.

"Mwanangu, sitaki maneno mengi," mama aliniambia. "Niambie tu kama mtoto huyu ndiye aliyeniharibia, nimpeleke kwa mwenyekiti."

"Mama, usimpeleke popote kwanza. Saa na tarehe zote zimo humo humo ndani ya kompyuta. Acha tuzisome."

Sababu ya kumshuku haikuwa ya bure. Flashi yake ilikuwa na ugonjwa unaojulikana na kila mwenye duka: ukiifungua huoni mafaili yako, unaona shotikati tu, yaani alama za njia ya mkato. Virusi vya aina hii huyaficha mafaili halisi, huweka shotikati yenye jina lile lile, na ukibofya hiyo shotikati, skripti ndogo hujinakili ndani ya kompyuta na kukaa ikingojea flashi nyingine ichomekwe. Zamani hata kubofya hakukuhitajika, kwa sababu Windows ilikuwa ikiendesha chochote kilichomo ndani ya flashi pindi inapochomekwa. Windows 7 iliondoa tabia hiyo, na mwezi wa Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuifunga hata kwenye XP na Vista. Tangu hapo virusi hivi huhitaji kidole cha mtu, na vidole havikosekani pale watu hamsini wanapochapisha kwa siku moja.

Virusi hivyo nilivikuta ndani ya kompyuta ya duka pia, na faili lake lilikuwa na tarehe ya miezi mingi kabla kijana hajakanyaga pale. Ni uchafu unaostahili kusafishwa, lakini haufungi mafaili ya mtu na haudai dola. Waliofichiwa mafaili na ugonjwa huu wasifomati flashi kwa hofu. Kwenye kompyuta iliyokwisha kusafishwa, amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huyarudisha yote, mradi E ndiyo herufi ya flashi hiyo. Hapa tulikuwa na magonjwa mawili katika mashine moja, na ule unaoonekana kwa macho ulikuwa umebebeshwa dhambi za mwingine.

Ushahidi wenyewe haukuhitaji vifaa vya gharama. Virusi vya fidia vinapoingia katika folda huacha barua yake, na Windows huandika saa barua hiyo ilipoundwa. Nilizitafuta _readme.txt zote na kuzipanga kwa saa. Ya kwanza ilikuwa ya Jumamosi saa tano na dakika chache asubuhi, ndani ya folda ya kadi za harusi. Zilizofuata zilienea katika diski nzima kabla ya saa sita. Kijana alikuja saa kumi jioni. Mama mwenyewe alikumbuka, kwa sababu alikuwa amerudi kutoka sokoni. Barua iliyokuwa ndani ya flashi yake ilikuwa imeundwa saa kumi na dakika kumi na kitu. Maana yake kijana alifika kompyuta ikiwa imeshaanguka kwa saa tano, akachomeka flashi yake, nayo ikafungwa palepale. Alikuja kuchapisha ripoti akaondoka hana ripoti, kisha akanyang'anywa na flashi.

Flashi ilirudishwa siku ileile, na mama akamwomba radhi mbele ya watu waliosikia shutuma. Ripoti yake ilipatikana katika baruapepe aliyokuwa amemtumia mwalimu wake.

Basi nini kilitokea Jumamosi saa tano? Folda ya vilivyopakuliwa ilijibu. Dakika chache kabla ya barua ya kwanza, kulikuwa na faili la zipu lenye jina la programu maarufu ya kusanifu mabango, neno la kulifungulia limeandikwa kwenye jina lenyewe, na ndani yake karatasi ya maelekezo. Agizo la kwanza la karatasi hiyo lilikuwa: zima antivirusi. Nikafungua mipangilio ya Defender, ulinzi unaokuja bure na Windows, nikakuta umezimwa, na diski nzima ya C imeandikwa kwenye orodha ya mahali pasipokaguliwa.

Mpwa hakuficha. "Shangazi, wenye kadi walikuwa wamekaa hapo benchini. Programu ya zamani ilikuwa imegoma kufunguka."

Simlaumu kwa kutaka kuwahudumia wateja. Programu ile hulipiwa kila mwezi kwa dola na kwa kadi ya benki, na duka la namna hii halina kadi wala dola. Ninachotaka kila mtu akitazame kwa makini ni lile agizo la kwanza. Zipu imefungwa kwa nywila ili antivirusi isiweze kuona kilichomo kabla hujaifungua. Kisha unaambiwa uzime ulinzi, na sababu unapewa kabisa: eti antivirusi huziita kraki, yaani programu za kuvunja leseni, virusi kimakosa, usijali. Uongo huu una nguvu kwa kuwa una chembe ya ukweli, maana antivirusi kweli huzikataa kraki nyingi kwa sababu tu ni kraki, hata zisizo na kitu kingine ndani. Mtu aliyewahi kuzima ulinzi mara tatu na hakudhurika, mara ya nne hana tena njia ya kutofautisha onyo la kweli na lisilo la kweli. Amejifunza kwamba onyo ni usumbufu. Waliotengeneza virusi hivi wanaishi kwa mazoea hayo. Familia yake inajulikana kwa jina la STOP au Djvu, na kwa miaka mingi imeenea hasa kupitia kraki na vitengeneza-namba vya kufungulia programu, ikilenga watu wa kawaida na maduka madogo kuliko makampuni makubwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Windows ya kompyuta hiyo nayo ilikuwa imefunguliwa kwa kraki na fundi aliyetangulia, wakati leseni halali ilikuwamo ndani ya ubao wa mashine tangu ilipotengenezwa. Kompyuta nyingi zinazotoka kiwandani zikiwa na Windows tayari, kuanzia enzi za Windows 8, hubeba leseni yake hivyo. Ukiweka toleo lile lile lililokuja nayo na kuunganisha intaneti, inajithibitisha yenyewe. Mama alilipia uvunjaji wa kufuli la nyumba aliyokuwa na ufunguo wake.

Kuna na suala la masasisho. Yalikuwa yamezuiwa kwa muda mrefu, na kwa Uganda sababu inaeleweka. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kila siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii tu. Julai 2021 ushuru huo ukaondolewa, ukaja wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Anayenunua bando la siku hawezi kuona gigabaiti zinaondoka kwa kazi asiyoiona halafu akanyamaza. Lakini niseme wazi kwamba katika kisa hiki masasisho yasingetosha. Mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kutoka ndani.

Virusi vilipoanza kazi, mpwa aliona dirisha linalosema Windows inajisasisha. Akafurahi kidogo, akaiacha imalize. Dirisha hilo ni la bandia. Baadhi ya matoleo ya Djvu hulionyesha ili diski inaposikika ikikimbia mtu asishtuke akachomoa waya. Wakati huo virusi vilikuwa vimeshawasiliana na wenye navyo, vikapewa ufunguo wa kompyuta hiyo peke yake, na vinasimba, yaani kuligeuza kuwa maandishi ya siri, faili moja baada ya jingine. Vilikuwa pia vimejiandikia kazi katika ratiba ya Windows, kwa jina la Time Trigger Task, ya kujiamsha kila baada ya dakika chache. Kazi hiyo ndiyo iliyoikamata flashi ya mwanafunzi, na ndiyo iliyoleta msiba wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Mama alikuwa na bakapu. Hilo ni jambo la kumsifu, wengi hawana. Alikuwa na diski ya nje aliyoinunua baada ya kompyuta nyingine kufa, na kila mwisho wa mwezi mpwa alinakili kazi zote humo. Jumatatu, walipoona mafaili hayafunguki, waliitoa kabatini na kuichomeka kwenye kompyuta hiyo hiyo ili warudishe nakala. Iliwafungukia vizuri. Walianza kunakili. Baada ya muda mfupi majina yakaanza kubadilika ndani ya diski ya nje yenyewe, mbele ya macho yao. Mpaka wanaichomoa, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame. Bakapu haichomekwi kwenye kompyuta iliyougua, hata kwa dakika moja, hata kwa kuangalia tu. Ukiona majina yamebadilika, chomoa waya wa intaneti au zima waifai, chomoa kila diski na flashi, kisha izime mashine. Bakapu utaifungua kwenye kompyuta nyingine safi, au kwenye hiyo hiyo baada ya kufutwa yote na kuwekwa upya.

Mama aliniuliza kuhusu kulipa, na swali lake lilikuwa la haki: kazi za wateja zilikuwamo. Nilimshauri asilipe. Anayelipa hana mkataba wala mahali pa kudai, na pesa yake ndiyo mtaji wa kumfunga mwingine kesho. Kabla ya hapo nilitazama kama kuna njia ya bure. Mwezi wa Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifaa kilichofungua aina 148 za virusi hivi, na kinaendelea kutumika, lakini kuna sharti. Djvu ikikosa intaneti wakati wa kuanza, hutumia ufunguo uliojengwa ndani yake, mmoja kwa watu wengi, na ufunguo wa namna hiyo ukipatikana hufungulia wote. Utambulisho wake, unaoandikwa katika faili la PersonalID.txt ndani ya folda ya C:\SystemID, huishia na t1. Ule wa duka haukuishia hivyo. Bando lilikuwa wazi kwa sababu ya kupakua ile zipu. Laiti lingeisha dakika tano mapema, pengine tungekuwa na habari nyingine.

Hata hivyo hatukutoka mikono mitupu. Kwa haraka yake, Djvu husimba takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa kila faili na kuacha zilizobaki kama zilivyo. Kwa barua ya Word ya kurasa mbili hiyo ni barua yote. Kwa video ya harusi ya gigabaiti mbili ni kichwa tu, na kichwa kinaweza kujengwa upya kwa kuiga video nyingine iliyopigwa kwa kamera hiyo hiyo. Video za harusi zilirudi karibu zote. Zipu kubwa za kumbukumbu za zamani zilipoteza faili la kwanza, mengine yakatoka mazima. Barua na ripoti nyingi zilipatikana mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaita bakapu: katika WhatsApp ya simu ya duka, na katika folda ya zilizotumwa kwenye Gmail, kwa sababu wateja hutuma na kutumiwa kazi zao huko. Mpwa alishinda siku kadhaa akizikusanya moja moja.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, nami naliona ndilo zito kuliko fidia. Djvu mara nyingi haiji peke yake. Kwa miaka tofauti imekuwa ikileta pamoja nayo wezi wa nywila, programu kama Azorult, Vidar na RedLine, ambazo husomba nywila zote zilizohifadhiwa katika kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyokufanya uingie bila kuulizwa nywila. Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana. Mafaili yakishafungwa na watu wakaanza kulia, wizi umekwisha.

Sasa fikiria kilichomo katika kivinjari cha duka la kuchapa. Mkulima anakuja kuombewa TIN, namba ya mlipakodi, kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hana baruapepe, mpwa anamfungulia moja papo hapo, anatunga nywila, na kivinjari kinaihifadhi. Mteja anaondoka na karatasi, duka linabaki na baruapepe yake. Ni hivyo hivyo kwa anayeomba pasipoti. Mpwa alikuwa pia na jedwali la Excel lenye majina, namba za simu na nywila za wateja hao, ili wakirudi awasaidie upesi, pamoja na picha za vitambulisho vya taifa zilizoskaniwa na kuachwa kwenye diski. Yote yalifanywa kwa nia njema, na yote tuliyahesabu kuwa yameibiwa.

Tulibadilisha nywila kutoka kwenye simu, si kwenye kompyuta ile, tukianza na baruapepe ya duka, kisha za wateja, tukizitoa akaunti kwenye vifaa vyote ili vidakuzi vilivyoibwa vife, na kuweka uthibitisho wa hatua mbili palipowezekana. Nilimweleza mama pia kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu, hata akiwa na kibanda kimoja, akiwa na sababu ya kuamini kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa, anatakiwa kuijulisha mara moja NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ambayo kwa kazi hii ina Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Aliogopa kwamba atapoteza wateja. Aliandika taarifa hata hivyo, na aliwapigia simu mwenyewe wale wa kwenye jedwali, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wasiamini ujumbe wowote unaodai kutoka URA bila kumuuliza kwanza. Namheshimu kwa hilo. Wengine simu zao hazikupatikana, na akaunti zao tulibadilisha nywila tukaziandika katika daftari linalofungiwa mezani, wakija wapewe.

Kompyuta niliifuta yote na kuweka Windows upya kwa flashi niliyoitengenezea kwenye mashine nyingine. Mpwa sasa anatumia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Nywila ya msimamizi anayo shangazi yake. Hili ndilo badiliko ninaloliamini kuliko mengine yote, kwa sababu siku wateja wakiwa wamejaa benchini, kuzima Defender kutahitaji mtu wa pili akubali. Nimewasha kinga inayozuia mipangilio ya Defender kuchezewa, na ile ya kuzuia programu ngeni kuandika katika folda za kazi, ambayo Windows 10 inayo tangu mwishoni mwa 2017 lakini huja ikiwa imezimwa. Mikia ya majina ya mafaili inaonekana, kwa hiyo kitu kinachojiita barua lakini kinaishia na .exe au .vbs kitajulikana. Masasisho huachiwa usiku kwa bando la usiku.

Flashi za wateja hazigusi tena kompyuta ya kazi. Ile laptopu ya zamani niliiwekea Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, ambao skripti za shotikati za Windows hazina la kufanya ndani yake. Mteja anafungulia hapo, anachagua faili lake, linachapishwa. Kwa mabango, mpwa anajifunza Inkscape na GIMP, programu za bure na halali. Analalamika kwamba ni za taratibu na vifungo vimekaa kwingine, na malalamiko yake ni ya kweli. Wiki za mwanzo kadi zilichelewa. Diski za nje sasa ni mbili, moja inakaa nyumbani kwa mama wakati nyingine iko dukani, na hakuna inayobaki imechomekwa baada ya kunakili.

Nywila za wateja hazihifadhiwi tena katika kivinjari. Mteja anaondoka nayo imeandikwa kwenye karatasi yake, na vitambulisho vilivyoskaniwa hufutwa kazi ikiisha.

Diski ya nje iliyofungwa hatukuifomati. Iko kabatini pamoja na nakala ya PersonalID.txt na barua moja ya fidia, na mara kwa mara natazama No More Ransom, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na makampuni ya usalama, kama kuna ufunguo mpya uliotolewa. Kubwa lililobaki ni umri wa kompyuta. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mashine hii haikubaliwi na Windows 11. Kujiandikisha kwa masasisho ya ziada kunaisukuma hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo nimemwambia mama achague kati ya kununua nyingine na kuiwekea Linux hii pia, na mpwa, aliyekuwa hataki kusikia, sasa anafanya mazoezi ya LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kwenye laptopu ya flashi wateja wakipungua.